Ndege wa Hodi wa Nchi ya Utamuni

Nilifikaje Utamuni sitaeleza, kwa sababu hata mimi njia sikuiona. Nilikuwa nimekaa mahali nikisubiri kuitwa jina, kisha nikajikuta nimesimama ukingoni mwa mto mwekundu, viatu mkononi, na hakuna aliyeshangaa kuniona. Nitasema tu niliyoyakuta huko. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa mizani ya barabarani, nikipima malori, na kazi ile humzoesha mtu kuandika alichokiona na kuachana na alichoambiwa.

Utamuni haina asubuhi wala jioni. Mwanga wake ni mwekundu na mpole, kama ule unaouona ukifumba macho ukiwa juani. Kila kitu huko huenda kwa mapigo: maji ya mto husogea, husimama kidogo, husogea tena. Mwanzoni mapigo yale yalinikera. Baadaye niligundua kwamba hata kupumua nilikuwa nayafuata yenyewe, nikayasahau. Na maji ni shira. Nilichovya kidole nikalamba, na sioni sababu ya kuficha kwamba nilifurahi. Mimi ni mtu wa vitu vitamu tangu utotoni, na mke wangu Salha ameshagombana na mimi kwa hilo mpaka amechoka.

Wenyeji walinipokea vizuri. Waliniita Mgeni wa Juu, kwa kuwa kila kitu kisicho cha kwao wanaamini kimetoka Juu. Juu yenyewe hawajawahi kuiona. Wanachokijua ni kile kinachowashukia tu, na wanakipokea bila kuuliza maswali.

Sheria kubwa ya nchi ile ni moja: hakuna mlango unaofunguliwa bila hodi. Shira inaweza kupita mbele ya nyumba yenye njaa miaka nenda miaka rudi, wenye nyumba wakiinusa na watoto wakilia. Kama hodi haijapigwa, mlango haufunguki. Nilimuuliza mama mmoja kupitia ufa wa mlango kwa nini asitoke na bakuli lake akachota. Alinitazama kwa jicho moja, akatazama pembeni.

"Nichote bila hodi?" akasema. "Mimi mwizi?"

Na hodi yenyewe haipigwi kwa mdomo wa mtu. Inapigwa na ndege wa udongo, wadogo kuliko kidole gumba, wanaofinyangwa na kuchomwa katika visiwa vilivyotawanyika katikati ya mto. Ndege anaachiwa dirishani, anaruka mpaka kwenye mlango wa mtu, anasema "Hodi!" mara moja, na papo hapo anakuwa vumbi. Mlango unafunguka, shira inaingia kwa kiasi chake, mlango unafungwa. Nilishuhudia jambo hilo likitimia mara moja tu, kwenye nyumba ndogo ya pembezoni, na nililengwa na machozi. Kiumbe kizima kilitengenezwa kwa mikono ili kiseme neno moja, na kililisema.

Visiwa vile ni vidogo mno ukilinganisha na nchi inayovitegemea. Nilifikia katika kimoja, kwa mfinyanzi aitwaye Mwanamize, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na hasira za karibu. Maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa, "Usisimame hapo, Mgeni, unaziba upepo wa tanuri." Nilisogea. Baada ya hapo tulielewana.

Yeye ndiye aliyenionyesha kazi inavyokwenda. Wafinyanzi wa Utamuni hawautazami mto. Nyumba zao hazina dirisha la kuelekea mkondo wa juu, na kumuuliza mtu mto umejaa kiasi gani ni utovu wa adabu. Wanachota kata ya shira kutoka mferejini na kuimimina ndani ya tanuri, basi. Mto ukijaa, mfereji unaleta shira nyingi na moto unapanda; mto ukipungua, moto unashuka. Nyuma ya kila nyumba kuna mlango mdogo wa mbao unaopitisha upepo. Moto ukipanda, mbao zinavimba kwa joto na mlango unajifunga wenyewe. Upepo ukikosa pa kutokea unalisukuma dirisha la mbele, dirisha linafunguka kwa kishindo, na ndege waliopangwa rafuni wanaruka nje kwa pamoja.

"Kwa hiyo mto mnaujua kwa moto," nikasema.

"Kwa moto tu," alijibu Mwanamize. "Moto haujawahi kutudanganya." Kisha akapangusa mikono kwenye kanga yake na kurekebisha kauli. "Ulikuwa haujawahi."

Akanifungulia mdomo wa tanuri nichungulie. Nimewahi kuona injini za malori yaliyoachwa porini, lakini masizi ya namna ile sijapata kuyaona. Zamani, alinieleza, shira ilikuwa ikija na kuondoka. Ikiondoka, matanuri yalipoa, yakafagiwa, yaliyopasuka yakabomolewa na mapya yakajengwa kwa matofali yaleyale. Sasa ni miaka mingi shira haijaondoka. Matanuri hayajapoa hata mara moja. Unaweza kumimina kata kumi, yeye alimimina mbele yangu, na kinachotoka ni moshi mzito usio na joto. Mlango wa nyuma ulibaki wazi nusu, ukipigapiga. Upepo ukajiendea zake.

Nikatazama rafuni. Ndege walikuwa wamejipanga safu tatu, wamekauka vizuri, vichwa vyote vimeelekea dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nje, shira ilikuwa imefika kwenye kizingiti.

"Si ulifungue kwa mkono?" nikamwambia.

"Nilishajaribu. Ndege asiyesukumwa na upepo haruki, Mgeni. Anadondoka hapo chini ya dirisha, basi, unamkanyaga."

Kwenye benchi la ukutani alikaa mwanamke mwingine. Alifanana na Mwanamize kwa pua na kwa paji la uso, ila mikono yake ilikuwa safi na laini, mikono ya mtu ambaye hajawahi kushika udongo. Nilimwamkia. Alinitabasamia kwa upole, asijue la kujibu.

"Huyo ni mdogo wangu, Mashavu," alisema Mwanamize. "Alikuwa anafinyanga vizuri kuliko mimi. Akimaliza ndege wake, unaapa anapumua." Akachukua bonge la udongo akamwekea kiganjani. Mashavu akaligeuzageuza.

"Hiki kinaliwa, dada?" akauliza.

Wafinyanzi wa Utamuni wakizidiwa na kazi hawafi. Serikali inajivunia jambo hili, na kila taarifa yake inaanza kwa kutangaza kwamba hakuna mfinyanzi aliyefariki. Wanasahau. Wanasahau kwanza mdomo wa ndege, kisha mabawa, kisha udongo ni wa nini, kisha jina. Wanarudi walivyokuwa kabla ya kufundishwa, wanakaa ukutani, hawana maumivu wala shida na mtu. Taarifa inawahesabu kuwa wako kazini, kwa sababu ukienda kuwatafuta utawakuta kweli wapo.

Nilipotaka kutoka, Mwanamize alinishika mkono wa shati. Alisema kwa sauti ya chini, akimchunga mdogo wake asisikie.

"Juzijuzi nilimfinyanga ndege, nikamweka rafuni, nikaendelea na mwingine. Kurudi, nikaona hana mdomo. Mgeni, ndege wa hodi nimemsahaulia mdomo." Akamtazama Mashavu. "Sisi tupo wawili tu. Mimi nikikaa kwenye benchi hilo, nani atamkumbusha Mashavu jina lake?"

Niliuliza kama hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuyatazama matanuri, na nikaambiwa yupo: Mkaguzi wa Majivu, Bwana Uledi, ofisi yake iko mwisho wa kisiwa.

Nilimkuta Bwana Uledi amekaa katikati ya mapipa. Ofisi yake ilikuwa imegeuzwa ghala la ziada, na alibakiziwa kiti na mizani. Alikuwa mwembamba, msafi, mwenye huzuni ya watu wanaokuja kazini kila siku wasipewe kazi. Mizani yake ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuitumia. Sahani moja huwekwa makaa mekundu kutoka matanurini, na nyingine majivu. Majivu yakizidi, yeye anatoka nje anapiga kengele na kutangaza: "Punguzeni! Fagieni! Bomoeni mabovu!" Na kila mtu, hata waziri, hana budi kutii. Ndiyo ofisi pekee nchini yenye uwezo wa kuwaambia watu wapumzike.

Ila palikuwa na marekebisho ya kanuni. Ofisi ya Majivu isizungumze wakati wa neema. Ili isizungumze kwa bahati mbaya, walikuwa wameimiminia mizani shira, na shira ilikuwa imeganda. Sahani ya makaa ilikuwa imenata chini na haiinuki.

Hapo nilishindwa kujizuia. Nimeona mengi kwenye mizani: mawe chini ya magurudumu, dereva anayejifanya mgonjwa, bosi anayepiga simu. Lakini mizani kugandishwa kwa amri, na mkaguzi amekaa hapohapo amekunja mikono! Nilimpandishia sauti mtu ambaye nilikuwa mgeni wake.

"Bwana mkubwa," alisema bila kukasirika, "nami naona. Lakini kanuni inanitaka niseme majivu yakizidi makaa. Kwa mujibu wa mizani, makaa yamezidi. Tuna neema."

"Na kwa mujibu wa macho yako?"

"Macho hayamo kwenye kanuni."

Baraza lilikuwa linakutana mjini kujadili mafuriko, na Mwanamize alikuwa ameitwa kujieleza. Nikafuatana naye. Tulipita Mtaa wa Mapaja, mtaa wa watu ambao zamani, naambiwa, walikuwa wakibeba mizigo ya nchi nzima na kutembea kutwa. Siku hizi hawaendi popote. Nyumba zao zimejaa mitungi ya shira mpaka kwenye paa, na wenyewe wamelala katikati. Tulimwona ndege mmoja, mchovu, akitua kwenye mlango.

"Hodi!"

"Hatupo!" ilijibu sauti kutoka ndani.

Ndege akawa vumbi. Akaja wa pili. "Hodi!" Safari hii walijibu watu watatu kwa pamoja kwamba wameshasema hawapo. Alipofika wa tatu, mlango ulifunguliwa ufa, ikaingia shira ya kujaza kijiko, ukafungwa. Mwanamize aliyatazama yale mavumbi matatu kizingitini. Alimtambua mmoja kwa rangi ya udongo, akasema alimfinyanga yeye, kabla dirisha lake halijagoma kufunguka.

Mbele kidogo tulifika Ghala Kuu, ambako akiba ya nchi inahifadhiwa kwa ajili ya njaa. Nilikuta wafanyakazi wakimimina mapipa ya shira mtoni, mto ule uliofurika. Nilimuuliza msimamizi sababu. Alikuwa mtu mwenye adabu, mwenye kalamu sikioni.

"Sisi hatuangalii mto," alinieleza. "Tunasikiliza ndege. Ndege wakiwa wengi, tunajua kuna chakula, tunafunga. Ndege wakinyamaza, maana yake nchi ina njaa, tunafungua. Siku hizi ndege wamenyamaza sana. Hali ni mbaya."

"Lakini ndugu, umesimama ndani ya shira mpaka vifundoni."

Akainama akatazama miguu yake. "Hiyo," akasema, "inashughulikiwa na idara nyingine."

Barazani mwenyekiti alikuwa Waziri Fumbwe, mtu mzito, mwenye sauti tamu, aliyekuwa akizungumza amefumba macho. Alieleza hali. Milango haifunguki, kwa hiyo hodi hazitoshi, kwa hiyo wafinyanzi ni wavivu. Alitaka kila kisiwa kifinyange mara mbili. Mjumbe mmoja akashauri ndege wapakwe rangi ili waheshimike. Mwingine akashauri wapewe sauti nene. Wa tatu alisimama akasema kwa masikitiko kwamba vijana wa leo hawajui kupiga hodi, akakaa, akapigiwa makofi. Hakuna aliyetaja mto. Shira ilikuwa imeingia mle ukumbini ikifunika miguu ya meza, na kila mjumbe alikuwa ameinua miguu yake kwenye kiti kwa namna ya mtu aliyezoea.

Mwanamize alisimama. "Waheshimiwa, ndege ninao. Safu tatu. Hawatoki. Msiniongezee kazi, nipeni kupumzika nifagie tanuri. Sitaki kingine."

"Kupumzika, katikati ya dharura?" alisema Waziri, macho bado yamefumbwa.

Wakati huo ndipo lilipoingia Tangazo. Sikuona aliyelileta, lilikuja na mapigo ya mto, na kila mtu alilisikia mwilini kwa wakati mmoja. Lilisema: kuanzia sasa hakuna kitakachoshuka kutoka Juu, maji matupu tu, mpaka itakapotangazwa tena.

Wajumbe wengine walilia. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa amewahi kuona shira ikikoma. Waziri Fumbwe alifumbua macho kwa mara ya kwanza, akapendekeza wajiandae na njaa kwa kula kwanza. Mwanamize hakusubiri kura. Alinivuta tukarudi kisiwani karibu kwa kukimbia, na njiani alikuwa akicheka peke yake.

Sijui mapumziko yale yalichukua muda gani, kwani kule hakuna saa. Najua kwamba mto ulianza kushuka. Ulishuka polepole mno, kizingiti kikaonekana, kisha ngazi, kisha mawe ya chini ambayo watoto hawakujua kama yapo. Matanuri yalipoa. Kimya kilishuka juu ya visiwa, nami nilikaa mlangoni nikahisi usingizi mtamu ambao sijaupata tangu nistaafu. Ndipo tukasikia mlio mdogo kutoka mwisho wa kisiwa, mlio wa sukari ngumu inayopasuka. Mizani ilikuwa imejinasua.

Bwana Uledi akatokea na kengele yake. Hakuwa ameipiga kwa miaka. "Punguzeni," alisema, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. "Fagieni! Bomoeni mabovu!" Nilimsamehe yote. Watu walitoka na fagio za chelewa, wakaingia matanurini mpaka kiunoni, wakatoka weusi. Nami nilifagia. Tulibomoa kuta zilizopasuka na kuzijenga upya, na Mwanamize alipowasha kwa kata moja ndogo tu ya shira iliyosalia mferejini, moto ulitoka mweupe, safi, bila moshi. Mlango wa nyuma ulivimba ukafunga. Dirisha likafunguka kwa kishindo. Ndege wachache wa safu ya mbele waliruka, na baada ya muda tukasikia, mbali sana, mlango wa mtu ukijibu, "Karibu."

Mashavu alikuwa ameinuka kwenye benchi.

Hakuna aliyemwambia ainuke. Alikwenda penye udongo akachota bonge, akalikanda. Mwanamize aliweka fagio chini taratibu, akanishika kiwiko nisisogee. Mashavu akatoa mwili wa ndege. Akautazama muda mrefu. Akatoa bawa moja, akatoa la pili, na kwa ukucha akazichora nyoya, na ni kweli, ungeapa anapumua.

"Mimi ni Mashavu," akasema, bila kumwambia mtu.

"Ndiyo, mdogo wangu," alisema Mwanamize.

"Dada, kuna kitu kinakaa hapa mbele." Alikuwa anagusa uso wa ndege, pale ambapo hapakuwa na kitu. "Usiniambie. Nakijua. Ngoja."

Tukangoja. Sijawahi kungojea kitu kwa namna ile, hata watoto wangu kuzaliwa. Alikuwa amebana kipande cha udongo kati ya vidole viwili, amekichonga ncha, anakipeleka usoni mwa ndege.

Kwanza ilikuja harufu, harufu ya hiliki. Kisha tangawizi. Kisha mto ulitoa mlio, na shira ikaja kwa mkupuo mmoja, ya moto, ya rangi ya chai ya maziwa, ikapita juu ya mawe, juu ya ngazi, juu ya kizingiti, ikaingia matanurini. Moto ukaruka, ukasonga, ukawa moshi. Mwisho wa kisiwa kengele ilinyamaza katikati ya mlio. Watu hawakupiga kelele. Waliinua miguu yao, kama wajumbe wa baraza.

Vidole vya Mashavu vilikuwa vimesimama. Alikitazama kile kipande cha ncha, akamtazama dada yake kwa upole.

"Hiki kinaliwa?"

Mwanamize alinigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nazo. "Mgeni, wewe ni wa Juu. Tangazo lilisema maji matupu. Nani amemwaga?"

Nilikuwa nimeshajua. Kuna jiko moja tu ninalolifahamu ambamo hiliki inatiwa mara mbili, wakati wa kuchemsha na wakati wa kumimina, nalo ni jiko letu. Asubuhi ile Salha aliniambia, "Baba Rukia, umeambiwa usile kitu mpaka upimwe sukari." Nilimwambia nimesikia. Nilisubiri atoke kuwapa kuku maji, nikanywa vikombe viwili, vijiko vitano kila kimoja, na maandazi matatu nikayatafuna nimesimama. Na kwenye dirisha la mapokezi, nesi aliponiuliza, nilimjibu bila kupepesa: tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni. Miaka thelathini na moja nimewasikiliza madereva wakiapa kwamba gari halijazidi. Niliwadharau sana wale watu.

Mwanamize alikuwa bado ananisubiri.

"Sijui," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akaniamini. Akamshika mdogo wake mkono, akamrudisha kwenye benchi, na nilimwona anasita mbele ya benchi lile, anaitazama nafasi iliyobaki pembeni ya Mashavu. Sijui alikaa au hakukaa, maana hapo ndipo nilipoitwa.

"Mzee Shekalage! Mzee Shekalage yupo?"

Nilikuwa kwenye benchi la kliniki, kidevu kifuani. Nesi, binti wa rika la mwanangu Rukia, alikuwa ameshika sindano ndogo ya kutoboa kidole. Alinikalisha kwenye kiti, akanipangusa kidole kwa pamba.

"Hujala kitu tangu jana jioni, sivyo, baba?"

Nilitazama kidole changu. Mapigo yalikuwa yanasikika mle ndani, yakisogea, yakisimama kidogo, yakisogea tena.

"Nimekunywa chai, mwanangu," nikasema. "Vikombe viwili. Na maandazi. Nilikudanganya."

Aliweka sindano chini. Foleni ilikuwa ndefu na alikuwa na kila sababu ya kunigombeza, lakini alihema tu. "Basi rudi kesho, baba. Na kesho iwe kweli. Maji matupu tu."

Nyumbani nilimwambia Salha yote, isipokuwa habari za Utamuni. Kesho yake asubuhi alichemsha chai yake, akatia hiliki, kisha akatia tena. Mimi nilikaa ng'ambo ya meza na gilasi ya maji. Harufu ilijaa chumba kizima. Mate yalinijaa mdomoni na mkono wangu, nakiri, ulisogea wenyewe mpaka karibu na kikombe.

Nikaurudisha. Nikafumba macho nikauona ule mwanga mwekundu, nikatulia nisitikisike hata kidogo.

"Baba Rukia, mbona umekaa kimya hivyo?" Salha akauliza. "Unaumwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Kuna mtu anajaribu kukumbuka kitu. Tumwache amalize."